Kelele za Joto: Kwa Nini Rezista Isiyounganishwa na Chochote Haitulii

Tuchukue rezista, yaani kipande cha saketi kinachozuia mkondo wa umeme, yenye ukinzani wa omu milioni moja, na kuilaza mezani. Haijaunganishwa na betri, hakuna mkondo unaosukumwa ndani yake, wala hakuna mtambo wa jirani unaoweza kuichokoza. Kwa mujibu wa somo la umeme la darasani, volteji kati ya ncha zake mbili ni sifuri, kwa sababu volteji ni zao la mkondo na ukinzani, na mkondo haupo. Hata hivyo, tukiiunganisha na chombo cha kupimia ambacho hakiongezi kelele zake chenyewe, na ambacho hupokea masafa yote (yaani kasi za mitikisiko kwa sekunde) hadi hezi 20,000, tutakuta volteji inayopanda na kushuka bila mpangilio wowote. Katika jotoridi la kelvini 300, yaani nyuzi 27 hivi za selsiasi, ukubwa wa volteji hiyo ni takribani mikrovolti 18. Rezista hiyo si mbovu. Hata ingetengenezwa kwa ustadi unaoshinda ule wa viwanda vyote vilivyopo, mikrovolti hizo 18 zingebaki palepale.

Hizo ndizo kelele za joto, si za masikio bali za umeme. Maelezo ambayo wengi huyapata ni kwamba elektroni husukwasukwa na joto, na msukosuko huo huonekana kama volteji. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini humwacha msomaji na maswali yanayopingana. Ikiwa rezista kubwa ina kelele nyingi kuliko ndogo, mbona mhandisi wa vyombo vya kupima mwanga huchagua rezista kubwa ili apunguze kelele? Ikiwa kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji, haina kelele, mbona kuna kanuni mashuhuri ya kelele za kapasita ambayo haitaji ukinzani hata kidogo? Na kwa nini antena iliyotengenezwa kwa metali safi, ambayo karibu haina ukinzani, hutoa kelele zinazobadilika kadiri inavyoelekezwa sehemu mbalimbali za anga? Mafundo haya yote hufunguka kwa ncha moja ya uzi: kelele za joto ni upande wa pili wa kupotea kwa nishati. Mahali popote ambapo umeme unaweza kugeuka joto, joto nalo lazima ligeuke umeme, kwa njia ileile na kwa kipimo kilekile.

Tuanze ndani ya rezista yenyewe. Elektroni zinazobeba mkondo hazisafiri kwa mstari ulionyooka. Atomi za kitu kinachopitisha umeme hutikisika kwa sababu ya joto, na elektroni hugongana na mitikisiko hiyo na kubadili mwelekeo; katika metali ya kawaida hilo hutokea makumi ya trilioni ya mara kwa kila sekunde. Kwa kuwa mwelekeo mpya ni wa kubahatisha, katika nukta yoyote ya wakati idadi ya elektroni zinazoelekea kushoto hailingani kamili na idadi ya zile zinazoelekea kulia. Tofauti hiyo ndogo hurundika chaji kidogo zaidi upande mmoja, na mara hiyohiyo hali hubadilika. Tukichukua wastani wa volteji kwa muda mrefu tutapata sifuri, kwa kuwa pande zote mbili hupata zamu sawa. Ndiyo maana wanasayansi hawapimi wastani wa volteji bali wastani wa mraba wake, kwa kuwa mraba hauna alama ya kutoa na hauwezi kujifuta wenyewe, kisha hutafuta kipeuo cha pili cha wastani huo. Mikrovolti 18 zilizotajwa hapo juu zilipatikana hivyo.

Jambo hili lina ndugu yake wa zamani katika fizikia. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona kwa hadubini chembe ndogo zikichezacheza ndani ya maji bila kukoma. Albert Einstein alitoa ufafanuzi wake mwaka 1905, na kiini cha ufafanuzi huo ndicho kinachotuhusu hapa: molekuli za maji zinazoipiga chembe na kuifanya iruke ndizo hizohizo zinazoipunguzia mwendo inapojaribu kusafiri. Msuguano na msukosuko si mambo mawili yaliyokutana kwa bahati. Ukimpa mtu kiasi cha msuguano na jotoridi, anaweza kukupa kiasi cha msukosuko bila kuuliza chembe imetengenezwa kwa kitu gani. Katika umeme, ukinzani ndio msuguano.

Walter Schottky alikwisha kuandika nchini Ujerumani mwaka 1918 kwamba msukosuko wa joto ungeweka mpaka kwa amplifaya, yaani vikuza umeme dhaifu, za taa za utupu, lakini kipimo chenyewe kilisubiri karibu miaka kumi. Aliyekifanya ni John B. Johnson wa maabara za Bell Telephone huko Marekani. Alijaribu rezista za aina nyingi, zikiwamo za kaboni, za metali, na hata miyeyusho ya chumvi ndani ya vyombo vya kioo. Vitu hivi havifanani kabisa: katika metali hutembea elektroni, na katika mmumunyo hutembea ioni nzito zilizozungukwa na maji. Pamoja na hayo, alipopanga matokeo yake, vyote viliangukia kwenye mstari mmoja. Mraba wa volteji ya kelele ulilingana na ukinzani na jotoridi, basi; aina ya kitu, umbo lake na chembe zinazobeba chaji havikuwa na usemi. Kutokana na vipimo hivyo Johnson aliweza hata kukadiria kiwango kisobadilika cha Boltzmann, ambacho huunganisha jotoridi na nishati, kwa kosa la chini ya asilimia 10. Mimi huona kwamba hapa ndipo uzuri wote wa jambo hili ulipo: mtu anasikiliza mchakarisho wa amplifaya, na ndani yake anasoma namba ya maumbile inayotawala gesi, nyota na mmumunyo wa chumvi kwa pamoja.

Johnson aliyapeleka matokeo hayo kwa mwenzake Harry Nyquist, ambaye kama yeye alizaliwa Uswidi na kuhamia Marekani, na makala zao mbili zilichapishwa mwaka 1928 katika toleo moja la jarida la Physical Review. Hoja ya Nyquist inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa kuwa haizungumzii elektroni hata mara moja. Alisema, tuwe na rezista mbili zenye ukinzani sawa na jotoridi sawa, zikiwa zimeunganishwa kwa nyaya zisizopoteza nishati. Kelele za rezista ya kwanza husukuma mkondo kwenye saketi na hivyo kupeleka nguvu kwa ya pili, na ya pili hali kadhalika. Iwapo moja ingepeleka nguvu nyingi kuliko inayopokea, ingepoa huku mwenzake ikipata joto, ilhali zote zilianza na jotoridi moja. Na kanuni ya pili ya thamodinamiki, isemayo kwamba tofauti ya joto haizuki yenyewe, inakataza jambo hilo. Kwa hiyo nguvu zinazokwenda na zinazorudi lazima zilingane. Tena haitoshi zilingane kwa jumla; lazima zilingane katika kila sehemu ya masafa, maana tungeweza kuweka katikati yao chujio la kapasita na koili (waya uliozungushwa) linaloruhusu masafa machache tu, na kanuni hiyo bado ingetudai usawa. Hivyo kelele haziwezi kutegemea rezista imetengenezwa kwa nini. Zinaweza kutegemea ukinzani, jotoridi na masafa peke yake.

Ilibaki kujua kiasi. Nyquist alirefusha nyaya zile ziwe njia ndefu ya mawimbi, kisha akawazia kwamba ncha zake zinafungwa ghafla wakati nishati iliyotoka kwenye rezista mbili ikiwa bado safarini ndani yake. Nishati hiyo sasa imenaswa, ikipiga na kurudi kama mawimbi kwenye uzi wa zeze uliokazwa pande zote mbili. Kila namna ya kutikisika kwa uzi huo, ikiwa imelingana na jotoridi la rezista, hubeba wastani wa nishati unaotokana na jotoridi peke yake, yaani kiwango cha Boltzmann mara jotoridi. Ukihesabu namna ngapi za kutikisika zinaingia katika upana fulani wa masafa, na nishati hiyo hutumia muda gani kusafiri kutoka ncha hadi ncha, urefu wa njia hujifuta wenyewe kwenye hesabu na jibu hubaki rahisi: wastani wa mraba wa volteji ni 4kTRB. Hapo k ni kiwango cha Boltzmann, ambacho ni 1.380649 × 10⁻²³ jouli kwa kelvini, T ni jotoridi kwa kelvini, R ni ukinzani kwa omu, na B ni upana wa masafa kwa hezi.

Kanuni hiyo ni fupi, lakini makosa mengi huzaliwa kwa kuisoma haraka. La kwanza ni kusahau kipeuo cha pili. Rezista ya omu 1,000 hutoa takribani nanovolti 4 katika upana wa hezi 1, na hiyo ni namba nzuri ya kukariri kwa anayefanya kazi hizi, kwa kuwa nyingine zote hupatikana kutoka kwake. Lakini upana ukiwa hezi 20,000, kelele haziwi nanovolti 80,000 bali ni kama nanovolti 580, kwa sababu kinachozidishwa ni mraba wake. Vivyo hivyo ukinzani ukiwa mara nne, volteji huwa mara mbili. Rezista mbili zilizofuatana hazijumlishi volteji za kelele zao. Hujumlisha miraba, kwa kuwa msukosuko wa moja haujui lolote kuhusu wa nyingine. Na ubaridi nao una mipaka yake inayovunja moyo: ukiizamisha rezista katika nitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwa kelvini 77, unakuwa umeishusha karibu hadi robo ya jotoridi la chumbani, na malipo ya kazi hiyo yote ni volteji ya kelele kupungua kwa nusu tu.

Kosa la pili huhusu ile B. Wengine huisoma kana kwamba rezista ina upana wake wa masafa, kama ilivyo na ukinzani wake. Sivyo ilivyo. Rezista hutoa kelele sawasawa katika masafa yote yanayotumika katika elektroniki ya kawaida, na upana unaoingia kwenye kanuni ni wa saketi inayosikiliza. Swali kwamba rezista fulani ina kelele kiasi gani halina jibu mpaka aulizaye aseme ataisikiliza kwa upana gani, na ndiyo sababu karatasi za maelezo ya vipuri huandika kelele kwa kipeuo cha pili cha hezi, na kumwachia msanifu ajaze sehemu iliyobaki.

Je, masafa yakiendelea bila mwisho, kelele nazo zitakuwa na nguvu isiyo na kikomo? Nyquist mwenyewe aliliona swali hilo na akaonyesha mwaka uleule wa 1928 kwamba sheria za kwanta hukata kanuni yake mahali ambapo nishati ya kifurushi kimoja cha wimbi hufikia ile ya joto. Katika kelvini 300 mahali hapo ni karibu na hezi trilioni 6, juu sana kuliko kazi za saketi nyingi. Lakini wanaofanya kazi katika sehemu za mia za kelvini hulazimika kulikumbuka hata kwenye masafa ya kawaida ya mawasiliano, kwa kuwa mpaka hushuka pamoja na jotoridi.

Sasa turudi kwenye fundo la rezista kubwa na ndogo. Kelele za rezista zinaweza kuandikwa kwa namna mbili zinazolingana kabisa: kama chanzo cha volteji kilichofuatana na rezista, ambacho mraba wake ni 4kTRB, au kama chanzo cha mkondo kilicho sambamba nayo, ambacho mraba wake ni 4kTB/R. Katika ya kwanza ukinzani umezidisha, katika ya pili umegawanya. Ipi ni muhimu hutegemea ujumbe wenyewe umekuja kwa sura gani. Diodi inayopokea mwanga hutoa mkondo, na rezista ya amplifaya yake huugeuza mkondo huo kuwa volteji. Ukiongeza ukinzani mara 100, volteji ya ujumbe huongezeka mara 100, lakini volteji ya kelele za rezista huongezeka mara 10 tu, kwa hiyo ujumbe umejitokeza mara 10 zaidi. Kwa hesabu ya mkondo ni jambo lilelile: rezista ya omu milioni moja huingiza pikoampea 0.13 hivi katika upana wa hezi 1, na ya omu milioni 100 huingiza sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Kinyume chake, maikrofoni hutoa volteji ndogo, na rezista yoyote iliyofuatana nayo huongeza kelele bila kuongeza ujumbe, hivyo hapo ukinzani mdogo ndio unaotakiwa. Wanaobishana kama rezista kubwa ni nzuri au mbaya wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja katika saketi yake.

Kuna hata hali ambayo ukinzani hutoweka. Rezista ikiunganishwa na nyingine inayolingana nayo, nguvu kubwa kabisa inayoweza kuipa ni kTB, ambamo R haimo. Kwa kelvini 290 nguvu hiyo ni 4 × 10⁻²¹ wati kwa kila hezi, iwe rezista ni ya omu 50 au ya omu milioni. Wahandisi wa redio hufanya hesabu zao zote kuanzia namba hiyo.

Fundo la kapasita linahitaji subira zaidi. Kapasita kamili haina kelele za joto, na sababu yake inatokana na hoja tuliyoanza nayo: inahifadhi nishati na kuirudisha yote, haigeuzi hata chembe kuwa joto, kwa hiyo joto halina mlango wa kuingilia. Koili kamili ni hivyohivyo. Kapasita na koili za kweli zina kelele kwa kadiri ya upotevu wao mdogo tu. Herbert Callen na Theodore Welton waliithibitisha kanuni hiyo kwa upana wake mwaka 1951, si kwa saketi peke yake bali kwa mfumo wowote unaotawanya nishati.

Lakini tuunganishe kapasita na rezista, hata kama rezista hiyo ni ukinzani mdogo wa swichi tu. Rezista huisukuma na kuivuta chaji ya kapasita, na saketi hiyo ya vitu viwili yenyewe ni chujio: upana wake wa masafa kwa kelele ni moja ya nne ya kinyume cha zao la R na C. Tukiweka upana huo mahali pa B katika 4kTRB, ukinzani unaozidisha na ukinzani unaogawanya hufutana, na kinachobaki ni kT/C. Ukinzani mkubwa hutoa kelele nyingi ndani ya upana mwembamba; mdogo hutoa kelele chache ndani ya upana mkubwa; jumla ni ileile. Kwa hiyo kanuni inayoitwa ya kelele za kapasita ni kelele za rezista, ila kapasita imeamua kiasi chake. Kapasita ya pikofaradi 1 katika kelvini 300 hubaki na mikrovolti 64 za msukosuko kila swichi inapofunguka, na thamani iliyokuwapo wakati huo huganda humo.

Mikrovolti 64 si kitu cha kupuuza. Kifaa cha kugeuza volteji kuwa namba chenye biti 16 na upeo wa volti 2 kina hatua za mikrovolti 30 hivi kila moja, kwa hiyo kapasita hiyo ndogo ingefunika hatua nzima na kuzidi. Msanifu anayetaka kupunguza kelele hizo kwa nusu hana budi kuweka kapasita kubwa mara nne, na kapasita kubwa hudai mkondo mwingi zaidi ili kujaa kwa muda uleule. Hivyo betri ndiyo inayolipia utulivu. Kwenye kamera za kidijitali hali ni kali zaidi, maana mahali pa kukusanyia chaji panaweza kuwa na sehemu za mia za pikofaradi. Kwa pikofaradi 0.01 msukosuko ni sawa na elektroni 40 hivi, idadi inayoweza kuzidi zile zilizoletwa na mwanga hafifu wa usiku. Wahandisi wamepata njia nzuri hapa: kwa kuwa kelele hizo huganda mara swichi inapofunguka, chombo husoma thamani mara moja kabla ya chaji ya mwanga kuhamishwa na mara ya pili baada yake, kisha hutoa moja kwa nyingine, na kile kilichoganda hutoweka kwenye tofauti.

Ni vyema pia kutenganisha kelele za joto na jamaa zake, kwa sababu mara nyingi hulaumiwa kwa makosa ya wengine. Mkondo unaovuka mpaka ndani ya diodi au transista hufika kwa chembe mojamoja, na hutoa kelele zinazotegemea ukubwa wa mkondo wenyewe. Za joto hazihitaji mkondo wowote. Rezista za kaboni ya kukandamizwa huongeza kelele nyingine zinazokua kadiri masafa yanavyopungua, na hizo kweli hutegemea ubora wa kitu. Anayebadilisha rezista ya kaboni kwa ya utando wa metali na kusikia nafuu amepunguza hizo za mwisho. Kelele za joto hakuzigusa.

Antena ndiyo inayoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba jambo hili halihusu metali bali upotevu. Ukiipelekea antena umeme, nishati huondoka kama mawimbi na hairudi. Kwa amplifaya iliyoilisha, kuondoka huko hakuna tofauti na kugeuka joto ndani ya rezista, na ndiyo maana antena ya waya wa shaba safi huonekana kuwa na ukinzani wa makumi ya omu. Basi ukinzani huo nao lazima uwe na kelele, na jotoridi lake si la waya. Ni la kile kinachopokea mawimbi hayo: ardhi, mawingu, Jua, au anga tupu. Ikielekezwa ardhini, antena husikia karibu kelvini 290. Ikielekezwa juu katika masafa yanayofaa, husikia jotoridi la chini mno. Arno Penzias na Robert Wilson walipokuwa wakipima antena kubwa yenye umbo la pembe huko Holmdel, New Jersey, mwaka 1964, walihesabu kila chanzo cha kelele walichokijua wakabaki na ziada ya kelvini 3.5 hivi ambayo haikubadilika kwa mwelekeo wala kwa majira. Ziada hiyo, iliyotangazwa mwaka 1965 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1978, ilikuwa joto lililobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, ambalo leo hupimwa kuwa kelvini 2.725. Wasingeligundua kama wasingekuwa na hesabu kamili ya kelele za joto za kila kipande cha chombo chao.

Wako wanaouliza, kwa haki, kama nishati hii inaweza kuvunwa: kuweka diodi inayoruhusu mkondo upande mmoja, na kuiacha rezista ya mezani ijaze betri polepole bila malipo. Léon Brillouin alilichambua swali hilo mwaka 1950. Diodi iliyo katika jotoridi lilelile ina msukosuko wake yenyewe, ambao hurudisha chaji kwa kiasi kilekile inachoipitisha. Ukiipoza diodi utapata nishati, lakini hapo umetengeneza mashine ya kawaida ya kutumia tofauti ya joto, na aliyepoza diodi amekwisha kulipa.

Kwa kuwa hazikomeshwi, mhandisi hujifunza kuishi nazo. Hatua ya kwanza ni kujua sakafu iko wapi. Chanzo cha omu 150 chenye jotoridi la chumbani kina mikrovolti 0.22 hivi katika masafa ya sauti hadi hezi 20,000, na hakuna amplifaya inayoweza kushusha kelele zake chini ya hapo; inaweza tu kuongeza. Harald Friis alionyesha mwaka 1944 namna ya kuhesabu nyongeza hizo katika mlolongo wa amplifaya, na ikawa wazi kwamba ya kwanza ndiyo yenye uzito, kwani kelele za zinazofuata hugawanywa na ukuzaji uliokwisha kufanyika. Ndiyo maana kwenye darubini za redio amplifaya ya kwanza ndiyo hupozwa hadi kelvini chache, na zilizo nyuma yake zikaachwa na joto lao.

Hatua yenye nguvu kuliko zote ni kupunguza B. Ujumbe wa setilaiti za GPS hufika ardhini ukiwa na nguvu ya takribani 1.4 × 10⁻¹⁶ wati, ilhali kelele za joto katika upana wa hezi milioni 2 unaotumiwa na ujumbe huo ni kama 8 × 10⁻¹⁵, yaani zaidi ya mara 50. Anayeutazama kwa oskiloskopu, chombo kinachochora volteji kwenye kioo, haoni chochote isipokuwa kelele. Lakini kipokezi kinajua mfuatano wa alama 1,023 ambao setilaiti huurudia kila milisekunde. Hulinganisha kile inachokisikia na mfuatano huo, na kwa kufanya hivyo upana hushuka hadi hezi 1,000 hivi. Kelele zinazobaki ndani ya upana huo ni 4 × 10⁻¹⁸ wati, na ujumbe uliokuwa umezama sasa unazizidi mara 35.

Na kwa kuwa kelele hizi hazijali rezista imetengenezwa kwa nini, zimekuwa kipimajoto. Ukijua R na B, ukapima wastani wa mraba wa volteji, umepata T moja kwa moja, bila kukilinganisha chombo na barafu wala maji yanayochemka. Njia hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizotumiwa kupima kiwango cha Boltzmann kabla ya namba yake kukazwa rasmi tarehe 20 Mei 2019, siku ambayo kelvini yenyewe ilianza kufafanuliwa kwa namba hiyo. Kazi hiyo haikuwa ya haraka. Kosa katika kupima nguvu ya kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha zao la upana wa masafa na muda wa kusikiliza, kwa hiyo anayetaka usahihi wa sehemu moja katika milioni, akiwa na upana wa hezi milioni moja, anapaswa kuisikiliza rezista yake kwa sekunde milioni moja. Hizo ni siku 11 na nusu za kurekodi mchakarisho bila kukatiza.